Mzigo Umevuka Mpaka, Deni Limebaki: Haki Itafutwe Wapi?

Vitunguu vya Mang'ola, wilayani Karatu, huingia Nairobi kupitia Namanga. Machungwa ya Muheza huvuka Horohoro kwenda Mombasa. Mahindi, mchele, maharage, sabuni na viatu vya plastiki hupita Sirari, Holili na Mutukula, vingine vikienda na vingine vikirudi. Sehemu kubwa ya biashara hii hufungwa kwa simu na kwa maneno machache: nusu sasa, nusu nikishauza. Kwa kawaida mambo huenda sawa, kwa sababu wafanyabiashara wa mpakani wanajuana, wanaulizana hali za watoto, na kila mmoja anajua kesho atamhitaji mwenzake.

Siku yakiharibika, ugomvi huwa wa aina ile ile. Mnunuzi wa Nairobi anasema magunia kadhaa yalifika yameoza. Muuzaji wa Karatu anasema vitunguu viliondoka shambani vikavu, na vilipigwa picha. Dereva anasema alikwama mpakani kwa karatasi ambazo hakuziandaa yeye. Wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli. Nusu ya pili ya pesa hailipwi, simu zinaanza kukatwa, na muuzaji anajikuta anauliza swali ambalo alipaswa kuliuliza kabla lori halijawasha injini: sasa nimshitaki wapi, kwa sheria ya nani?

Ushauri wangu kwako ni mmoja, na mengine yote ninayoyasema hapa yanatoka kwake. Kanuni za kumaliza ugomvi wekeni kabla hamjagombana, na ziwe kanuni ambazo ungezikubali hata kama siku hiyo anayedaiwa ni wewe. Kanuni inayompendelea muuzaji tu itakuumiza msimu utakapokuwa mnunuzi. Na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki hubadilishana nafasi hizo mara nyingi: mwezi huu unauza vitunguu Kenya, mwezi ujao unanunua bidhaa za kiwandani kutoka huko huko.

Tuanze na mahali, maana ndipo watu wengi wanapopoteza pesa. Mtu aliyedhulumiwa hutaka kesi isikilizwe nyumbani kwake. Anamjua karani wa mahakama, nauli ni ndogo, na moyoni anaamini hakimu wa kwao atamwelewa. Lakini mwenzake naye anawaza hivyo hivyo. Sheria za mwenendo wa madai za Tanzania na Kenya zina asili moja na zinatoa jibu linalofanana: kesi ya kawaida ya deni hufunguliwa anakoishi au anakofanyia kazi mdaiwa, au mahali ambapo chanzo cha madai kilitokea, chote au sehemu yake. Mashiko yake ni mazuri. Anayemwita mwenzake mahakamani ndiye anayebeba mzigo wa safari, kwa sababu anayeitwa huenda hana kosa lolote.

Kwa maneno hayo ya mwisho, "chote au sehemu yake", muuzaji wa Karatu anaweza kupata njia ya kufungua kesi Arusha, akisema mkataba ulifungwa huko na mzigo ulipakiwa huko. Wengi hufanya hivyo. Mdaiwa haji, hukumu inatolewa upande mmoja, na mdai anatoka mahakamani na karatasi yenye muhuri akidhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mdaiwa hana nyumba Arusha, hana akaunti Arusha, hana hata baiskeli Arusha. Dalali wa mahakama atakamata nini?

Hukumu ya nchi moja haitembei yenyewe kwenda nchi nyingine. Kenya ina sheria ya mwaka 1984 ya kusajili na kutekeleza hukumu za nchi ambazo zina uhusiano wa kupokeana hukumu nayo, na Tanzania, Uganda na Rwanda zimo. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu, na yana ukomo wa miaka 6 tangu hukumu ilipotolewa. Tanzania nayo ina sheria zake za kupokea hukumu za nje. Lakini usidhani kila hukumu ya kila ngazi ya mahakama inapita katika mlango huo. Kabla hujafungua kesi nyumbani kwa nia ya kwenda kuitekeleza ng'ambo ya mpaka, mwulize wakili wa nchi ile, si wa kwenu, swali moja: hukumu ya mahakama hii mtaisajili?

Hata pale mlango ulipo wazi, mahakama ya pili ina haki ya kukagua. Sheria za nchi hizi mbili zinakubaliana juu ya mambo yanayoiangusha hukumu ya kigeni: kama mahakama iliyoitoa haikuwa na mamlaka, kama kesi haikuamuliwa kwa ushahidi na hoja zenyewe, kama ilipatikana kwa udanganyifu, kama misingi ya haki ya asili ilivunjwa, kama dai lenyewe linavunja sheria ya nchi inayoombwa kuitekeleza. Hilo la haki ya asili ndilo linalowaangusha watu wa kawaida. Maana yake ni kwamba mdaiwa alipaswa kupewa taarifa ya kweli na nafasi ya kweli ya kujibu. Ukimtumia wito kwenye anwani ya duka alilohama, au ukamwachia dereva bahasha aipeleke kienyeji, umejenga hukumu yako juu ya mchanga. Fuata utaratibu wa mahakama wa kupeleka wito nje ya nchi, utunze uthibitisho kwamba umemfikia, na uvumilie muda unaochukua.

Kwa hiyo, kwa deni la kawaida, ninapendelea njia ambayo wengi huikwepa: nenda kamshitaki kwao. Nenda mali yake iliko. Utalipa nauli, utalala gesti, lakini siku ukishinda, mahakama iliyokupa hukumu ndiyo itakayoikaza. Wala usiogope kwamba mgeni hasikilizwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali ihakikishe haki inapatikana kwa watu wote, haikusema raia peke yao. Na lugha haitakukwaza kama unavyodhani. Mahakama za chini za Kenya zinapokea Kiingereza na Kiswahili. Tanzania, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama.

Kenya ina jambo ambalo kila mfanyabiashara wa Tanzania anayeuza huko anapaswa kulijua: Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya mwaka 2016, na ilianza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za Kenya, yakiwamo ya mauziano ya bidhaa na huduma. Kesi inatakiwa imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa, na kusikilizwa mfululizo badala ya kuahirishwa kila mara. Huhitaji wakili, ingawa hukatazwi kuwa naye. Mahakama haifungwi na kila kanuni ngumu ya ushahidi. Kwa mtu aliyetoka mbali, siku 60 zenye mwisho unaojulikana zina thamani kubwa kuliko ahadi ya haki isiyo na tarehe. Uganda nayo ina utaratibu wa madai madogo tangu mwaka 2011, kwa kiwango kisichozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Kwa Mkenya anayemdai Mtanzania, Mahakama ya Mwanzo inaweza kupokea deni la mkataba hadi shilingi milioni 30 za Tanzania. Juu ya hapo unapanda Mahakama ya Wilaya.

Kuna gharama moja inayowashtua wageni. Mdai anayeishi nje ya nchi anaweza kuamriwa na mahakama aweke dhamana ya gharama za kesi, ili mdaiwa akishinda asibaki akimfukuzia mtu aliyerudi kwao. Kanuni hiyo ipo Kenya na ipo Tanzania. Mara ya kwanza inaonekana kama ubaguzi. Ukijiweka upande wa mdaiwa utaona haki yake: yeye hakuomba kesi. Jiandae na hela hiyo mapema, na kama una mali au biashara katika nchi unayoshtaki, ieleze mahakama na utoe uthibitisho, kwa kuwa jambo hilo huzingatiwa.

Sasa turudi kule kwenye lori lililokuwa bado halijaondoka, kwa sababu kesi nyingi hushindwa au kushindwa kufunguliwa kwa makosa ya siku ile.

Kosa la kwanza ni gunia. Msomaji wa Tanzania ananielewa nikisema lumbesa: gunia lililojazwa hadi likaota kichwa na kushonewa kamba juu. Muuzaji anahesabu gunia moja, mnunuzi anapata karibu gunia moja na nusu. Kwa bei ya simu, "gunia mia moja" ni maneno mawili tofauti kwa watu wawili. Hakimu wa nchi nyingine hatajua gunia lenu lilikuwa la namna gani. Andikeni kilo. Mzigo upimwe kwenye mizani, na namba ya mizani iandikwe.

Kosa la pili ni shilingi. Shilingi ipi? Ya Kenya, ya Tanzania au ya Uganda? Na kama mnunuzi atalipa kwa shilingi yake, kiwango cha kubadilishia ni cha siku gani: ya makubaliano, ya kufika kwa mzigo, au ya malipo? Shilingi zinapanda na kushuka, na nimeona udugu wa muda mrefu ukivunjika kwa tofauti ambayo ingemalizwa na sentensi moja.

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni hatari ya njiani. Sheria za mauziano ya bidhaa za Kenya na Tanzania zote zimechotwa kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, hivyo zinasema karibu mambo yale yale: bidhaa iendane na maelezo iliyouzwa kwayo, iwe ya ubora unaouzika pale sheria inapotaka hivyo, na kama hamkusema vingine, hasara humfuata mwenye mali. Umiliki ukishahama, vitunguu vikioza, vimemwozea mnunuzi. Lakini umiliki ulihama lini? Shambani, mpakani au sokoni? Hapo ndipo mawakili wanapopata chakula chao. Msiwaachie. Semeni wenyewe ni wapi, mbele ya nani, na mnunuzi ana saa ngapi za kukagua na kulalamika. Saa 24 kwa mboga na matunda ni muda wa haki. Kwa mahindi makavu mpeni siku kadhaa. Mnunuzi anayekaa kimya wiki mbili, akauza robo tatu ya mzigo, kisha akakumbuka kwamba ulikuwa umeoza, hastahili kusikilizwa kwa urahisi. Na muuzaji anayekataa mzigo wake usifunguliwe mpakani naye ana anachokificha.

Huhitaji karatasi ya kurasa kumi. Mkataba wa mdomo wa kuuziana bidhaa unaweza kukubalika kisheria Kenya na Tanzania, mradi mnunuzi amelipa sehemu ya bei au amepokea sehemu ya mzigo. Tatizo ni kuuthibitisha. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni simu yako. Ujumbe kama huu, ukitumwa na mwenzako akajibu "nakubali" pamoja na jina lake, una nguvu kubwa kuliko wengi wanavyofikiri:

"Mimi (jina kamili, namba ya kitambulisho) wa Karatu namuuzia (jina kamili, namba ya kitambulisho) wa Nairobi vitunguu vyekundu kilo 6,000, kwa shilingi 60 za Kenya kila kilo, jumla shilingi 360,000 za Kenya. Nusu imelipwa leo. Nusu italipwa ndani ya siku 14 tangu mzigo kupokelewa. Mzigo utapimwa na kukaguliwa Namanga mbele ya mwakilishi wa kila upande. Kuanzia hapo hasara ni ya mnunuzi. Kasoro yoyote iliyojificha itaripotiwa kwa picha ndani ya saa 24. Tukitofautiana, ndani ya siku 7 tutamchagua mpatanishi tunayemkubali wote wawili. Tusipoelewana ndani ya siku 21, anayedai atafungua kesi mahali anapoishi anayedaiwa."

Bei na kilo ni za mfano, weka zako. Sentensi ya mwisho ndiyo ninayoipenda. Haimpendelei Mkenya wala Mtanzania. Muuzaji akidai pesa, atakwenda Nairobi. Mnunuzi akidai arudishiwe malipo ya mzigo mbovu, atakwenda Karatu. Kila mmoja anaisaini bila kujua ni yupi atakayeitumia, na ndiyo maana ni ya haki.

Kama mwenzako yuko Congo au Burundi, ongeza uangalifu. Sheria za huko zimetoka katika ukoo mwingine, ule wa Ubelgiji na Ufaransa, na Congo tangu mwaka 2012 iko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, ambayo mahakama yake ya juu iko Abidjan. Utaratibu wa kudai deni uko tofauti, ingawa si mbaya: OHADA ina njia ya haraka ya kumwomba jaji atoe amri ya malipo kwa deni lililo wazi na lenye maandishi. Neno ni maandishi. Anayetoka Kigoma kupeleka mzigo Uvira bila karatasi iliyosainiwa amejinyima njia hiyo. Andikeni kwa Kiswahili mnachokielewa wote, kisha mpate tafsiri ya Kifaransa ya mtu anayetambuliwa na mahakama, na mtaje ipi itafuatwa zikipishana.

Ushahidi wa kidijitali unaharibiwa na wenyewe. Mtu anapiga picha ya skrini, anabadilisha simu, anafuta mazungumzo ili apate nafasi, kisha anakwenda mahakamani na karatasi iliyochapishwa stesheneri. Mahakama za nchi zetu zinapokea ushahidi wa kielektroniki, lakini zinataka kujua ulitoka kwenye kifaa gani, nani alikuwa nacho, na kwamba haukuchezewa. Kenya hudai cheti cha kuuthibitisha. Tunza simu yenyewe. Omba taarifa rasmi ya miamala kutoka kwa kampuni ya simu, badala ya kutegemea ujumbe mfupi. Unapotuma pesa, andika sababu: "nusu ya vitunguu, lori la tarehe fulani". Vilevile pitisha mzigo kihalali. Wafanyabiashara wadogo wanaogopa karatasi za forodha, lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ina cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000, na cheti hicho siku ya ugomvi ni shahidi wako: kinaonyesha nani alipitisha nini, lini, kwa thamani gani. Aliyepita njia za panya ataanzaje kumweleza hakimu kwamba mzigo wake ulivuka?

Kabla ya mahakama, kaeni na mpatanishi. Nalisema hili kwa moyo wote, si kwa sababu mahakama ni mbaya, bali kwa sababu mpatanishi mzuri anaweza kuwapa kitu ambacho hakimu hawezi: punguzo la bei, mzigo mwingine msimu ujao, malipo ya kila wiki baada ya soko. Katiba ya Kenya inazihimiza mahakama kukuza njia hizi. Rwanda imejenga mfumo mzima wa abunzi, wapatanishi wanaochaguliwa na wananchi wenyewe. Mpakani kuna vyama vya wafanyabiashara na vya wasafirishaji vyenye watu wazima wanaoheshimiwa pande zote mbili.

Ila upatanishi usio na kanuni unaweza kuwa dhuluma ya pole pole. Mpatanishi asiwe dalali aliyekula kamisheni ya mzigo ule ule. Asiwe shemeji wa mmoja wenu, hata akiwa mwadilifu namna gani, kwa kuwa aliyeshindwa hataamini. Asilipwe kulingana na nani ameshinda. Kila upande useme bila kukatizwa na uone karatasi za mwenzake kabla ya kuzijibu. Mwanamke mfanyabiashara asije akakalishwa pembeni huku mumewe au kaka yake akizungumza kwa niaba ya mzigo alioununua yeye; hili bado linatokea, na linaharibu haki mbele ya macho ya watu wazima. Mkikubaliana, andikeni kiasi, tarehe, na nini kitatokea awamu moja ikikosekana. Na kila mmoja awe huru kuondoka kwenda mahakamani kama kikao hakimpi haki.

Kwa mizigo mikubwa ipo njia nyingine, ya kumchagua mwamuzi wenu binafsi na kukubaliana mapema kwamba uamuzi wake ni wa mwisho. Faida yake ni kwamba uamuzi huo unavuka mipaka kwa urahisi kuliko hukumu. Mkataba wa New York wa mwaka 1958 unazibana nchi wanachama kutambua maamuzi ya namna hiyo. Tanzania iliingia mwaka 1964, Kenya mwaka 1989, Uganda mwaka 1992, Rwanda mwaka 2008, Burundi na Congo mwaka 2014. Hasara yake ni ada. Kwa deni la vitunguu vya lori moja, mwamuzi anaweza kula vitunguu vyote. Watu huniuliza pia kuhusu Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha. Mahakama hiyo kazi yake kubwa ni kutafsiri Mkataba wa Jumuiya, haikusanyi madeni ya watu binafsi, ingawa mkataba wa biashara unaweza kuiteua kuwa mwamuzi.

Tungeweza kuwa na kilicho bora zaidi. Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2009, una utaratibu mmoja wa madai madogo yanayovuka mipaka, ambao leo unafika yuro 5,000 na unatumika katika nchi zote wanachama isipokuwa Denmark. Mswahili anayeishi Hamburg aliyeuziwa jokofu bovu na duka la Italia anajaza fomu moja. Mwenzake anapewa siku 30 kujibu. Kwa kawaida kesi huendeshwa kwa maandishi, wakili si lazima, na hukumu ya nchi moja inatekelezwa nchi nyingine bila kusajiliwa upya. Sioni kwa nini Jumuiya yetu, yenye soko la pamoja tangu mwaka 2010 na lugha inayoeleweka pande zote za Namanga, ishindwe kuwa na fomu moja ya namna hiyo, kwa Kiswahili. Wabunge wa Afrika Mashariki wanapaswa kuulizwa hilo na wafanyabiashara wenyewe.

Yapo mambo machache ya kujiepusha nayo, na nitayasema kwa ufupi kwa sababu hayana utata. Usilitumie jeshi la polisi kukusanyia deni. Mkataba uliovunjika peke yake si jinai, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambamo Kenya na Tanzania zimo, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Kama ulitapeliwa tangu mwanzo na mtu mwenye jina la uongo, hilo ni jambo jingine, ripoti. Usimzuie dereva wala lori lake. Dereva hana deni lako, na wewe ndiye utakayelala ndani. Usiweke picha ya mdaiwa na kitambulisho chake kwenye makundi ya WhatsApp. Nchi zote mbili zina sheria za kulinda taarifa binafsi, Kenya ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na mdaiwa wako anaweza kugeuka mdai.

Na ardhi iache nje ya haya yote. Kesi ya ardhi husikilizwa ardhi iliko. Mkenya asinunue kiwanja upande wa Tanzania kwa jina la rafiki. Asiye raia hapewi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji, na mahakama haitamsaidia mtu aliyekwepa sheria kurudishiwa alichokwepea. Mtanzania anayetaka ardhi Kenya atapata upangaji usiozidi miaka 99, hatapata umiliki wa kudumu. Jua hilo kabla ya kutuma hata senti.

Mwisho, muda. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6 Kenya na miaka 6 Tanzania, na muda hauwasubiri wanaoona aibu kudai. Lakini sheria za nchi zote mbili zinampa mdai nafasi nyingine: mdaiwa akikiri deni kwa maandishi na kusaini, au akilipa sehemu yake, kabla muda haujakwisha, hesabu huanza upya kutoka siku hiyo. Kwa hiyo mdaiwa wako akikutumia elfu kumi leo akisema nyingine atamalizia baada ya mavuno, zipokee kwa heshima, kisha umwombe aandike kwa mkono wake na kutia saini kwamba elfu kumi hizo ni sehemu ya deni la mzigo fulani, wa tarehe fulani, na kwamba limebaki kiasi fulani.